Selimundu, Kidonge cha Figo na Hesabu ya Kunukuliwa

Mwulize mwanafunzi aliyelisoma vizuri somo la baiolojia la sekondari kwa nini selimundu, ugonjwa uliozika watoto vizazi kwa vizazi, haujatoweka Afrika. Atakujibu bila kusita kwamba mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu haumwi selimundu, na tena malaria kali humpata kwa nadra kuliko wenzake, ndiyo maana jeni hiyo inadumu penye mbu wengi. Jibu hilo ni sahihi. Sasa mwulize nani aliyeligundua jambo hilo, lini na wapi, na hapo atanyamaza. Wengi hawajui kwamba ushahidi wake ulikusanywa hapa hapa Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuchapishwa mwaka 1954 na daktari kijana aitwaye Anthony Clifford Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Gilgil katika Bonde la Ufa. Baadaye mtu huyo huyo aliingia katika elimu ya kinga ya mwili, na kazi yake huko ikazaa dawa ambayo waliopandikizwa figo wanaimeza hadi leo. Maisha yake ya utafiti yanatupa nafasi nzuri ya kupima kipimo chenyewe, yaani hesabu ya mara ngapi mwanasayansi amenukuliwa na wenzake, ambayo siku hizi inaamua nani apewe kazi, nani apande cheo na nani apate fedha za utafiti.

Hesabu hiyo inaeleweka kwa urahisi. Mtafiti anapoandika makala huorodhesha mwishoni kazi za wengine alizozitegemea au kuzijadili. Kila makala inapotajwa katika orodha ya namna hiyo, imenukuliwa mara moja. Aliyeifanya hesabu hii kuwa chombo cha kudumu ni Eugene Garfield, Mmarekani aliyetoa wazo lake katika jarida la Science mwaka 1955 na kuanza kuchapisha faharasa yake kubwa miaka ya 1960 kutoka Philadelphia. Mfano aliupata kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuwaonyesha kama hukumu fulani bado inasimama au imeshatenguliwa na mahakama nyingine. Garfield alitaka mwanasayansi naye aweze kulifuata wazo tangu lilipotoka, aone nani amelijaribu, nani amelisahihisha, na lipi limeshapitwa. Kilikuwa chombo cha kutafutia njia katika msitu wa maandishi. Kukitumia kupimia watu kulikuja kushika kasi baadaye. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza namba moja ya kumfupisha mtafiti mzima: mwenye 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Namba ya namna hiyo huingia katika fomu ya maombi kwa urahisi, na pengine huo ndio mvuto wake mkubwa.

Hoja yangu ni kwamba hesabu ya kunukuliwa inarekodi mazungumzo ya wataalamu wao kwa wao, na inayarekodi vizuri. Kazi kubwa ya sayansi, hata hivyo, mara nyingi hutoka nje ya mazungumzo hayo: huingia darasani, huingia kwenye chupa ya dawa, au hungoja miaka mingi hadi iaminiwe. Ikifika huko hesabu haiioni tena. Anayemhukumu mwanasayansi kwa namba hiyo peke yake anakuwa kama mtu anayepima mavuno ya shamba kwa kuhesabu wapita njia waliosimama kulitazama.

Tuanze na damu. Mwaka 1949 Allison, aliyekuwa bado mwanafunzi wa tiba Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya na kukusanya sampuli za damu za makabila mbalimbali. Kuitambua jeni ya selimundu hakukuhitaji mitambo mikubwa. Unachukua tone la damu, unalichanganya na kemikali inayoiondolea oksijeni, unalifunika kwa kipande cha kioo, unaliweka chini ya hadubini na kusubiri. Damu ya kawaida hubaki na chembe za mviringo kama sarafu. Damu ya mwenye jeni hiyo huanza kubadilika mbele ya macho yako, chembe zikijivuta, zikijipinda na kuchongoka hadi zifanane na mundu. Kwa njia kama hiyo ya tone na kioo ndipo jambo la ajabu lilipojitokeza. Kwa watu wa pwani ya Kenya na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Kwa watu wa nyanda za juu na wa nchi kavu hawakufika hata mmoja katika 100. Lugha na nasaba hazikueleza tofauti hiyo, maana Wabantu walikuwamo pande zote mbili. Kilichofanana na ramani ya jeni kilikuwa ramani ya malaria.

Wapo waliokuwa wamenusa jambo hilo kabla yake. Daktari E. A. Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameandika katika miaka ya 1940 kwamba wagonjwa wenye chembe za mundu walionekana kuwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wengine. Allison alichoongeza ni ushahidi wa makusudi. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 na kupima watoto 290 wa Kiganda wa maeneo ya Kampala. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, sawa na asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo, walikutwa 113, sawa na asilimia 46. Kisha akafanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha. Wanaume 30 wa Kijaluo waliokuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda mrefu walijitolea kuambukizwa ugonjwa huo kwa makusudi, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo. Katika wasio nayo, 14 walipata vimelea. Katika wenye jeni walipata wawili tu. Alipopima makabila mengi zaidi, jumla ya watu karibu 5,000, alikuta kwa Baamba wa magharibi ya Uganda karibu watu 40 katika kila 100 wameibeba jeni hiyo. Makala yake katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, ilitoka mwaka 1954 ikiwa na jina la mwandishi mmoja.

Angepimwa kwa hesabu ya kunukuliwa mwaka 1956 angeonekanaje? Baadhi ya wataalamu walimshuku waziwazi. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walirudia jaribio la kuambukiza watu kwa makusudi na hawakuiona kinga aliyoisema, na wengine waliopima watu wazima Afrika nao walipata majibu yanayogongana. Kila aliyempinga alilazimika kumtaja, na kwa mtindo wa kuhesabu, kila aliyemtaja kwa kumpinga alimwongezea moja sawasawa na aliyemuunga mkono. Hapa pana kasoro ya kwanza ya kipimo hiki: hakijui kutofautisha sifa na lawama. Sababu ya kupishana kwa majibu ilikuja kueleweka polepole. Mtu mzima aliyekulia penye malaria ameshajenga kinga yake mwenyewe, na kinga hiyo huificha ile ya jeni. Pa kuangalia ni kwa watoto, hasa kwa malaria ile inayoua. Utafiti uliofanyika Asembo, magharibi ya Kenya, katika nchi ya Wajaluo wenyewe, na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba watoto wenye jeni moja ya selimundu walikufa kwa uchache zaidi katika umri ule wa hatari. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi wakaongeza jambo ambalo mtu wa elimu ya kinga hulisoma kwa furaha. Kwa watoto wenye jeni hiyo, kinga dhidi ya malaria ilikuwa asilimia 20 hivi katika miaka miwili ya mwanzo ya mtoto, ikapanda hadi asilimia 56 alipokaribia miaka 10. Kama kazi ingekuwa ya umbo la chembe ya damu peke yake, kinga ingekuwa sawa tangu kuzaliwa. Kupanda kwake kunaonyesha kwamba mfumo wa kinga wa mwili nao una mkono katika jambo hili. Kutoka Kampala ya 1953 hadi Kilifi ya 2005 ni zaidi ya miaka 50. Mkataba wa kazi wa mtafiti kijana wa leo mara nyingi hauzidi miaka mitano.

Wazo linapokubalika kabisa, nalo huiponyoka hesabu kwa njia nyingine. Mwanasosholojia Robert Merton aliona zamani kwamba ugunduzi ukishaingia katika maarifa ya kawaida, watu huacha kumtaja mwenyewe. Hakuna anayemnukuu Newton anapotaja uvutano wa dunia. Uhusiano wa selimundu na malaria nao umefika huko, umekuwa mfano wa uteuzi asilia unaotolewa karibu katika kila kitabu cha jenetiki duniani. Mwalimu anaufundisha, mwanafunzi anaujibu katika mtihani, muuguzi anaueleza kliniki kwa mama mwenye wasiwasi, na katika yote hayo hesabu ya Allison haipandi hata kwa moja. Amefanikiwa kupita kiasi cha kipimo kinachompima.

Nusu ya pili ya kazi yake ndiyo inayonivutia zaidi. Baada ya jenetiki Allison aligeukia chembe za kinga, akafanya utafiti London kwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akarudi Nairobi kuongoza ILRAD, maabara ya kimataifa iliyochunguza ndigana kali na nagana za ng'ombe, ambayo leo ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Kisha akahamia California, kwenye kampuni ya dawa ya Syntex, pamoja na mkewe na mshirika wake wa utafiti, Elsie Eugui. Swali lao lilikuwa moja: tunawezaje kuzituliza limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazokishambulia kiungo kilichopandikizwa, bila kuziumiza chembe nyingine za mwili? Dawa za wakati ule zilipiga huku na huku, na wagonjwa walilipa kwa maini yao, figo zao na uboho wao.

Jibu walilipata kwa kuweka pamoja magonjwa mawili ya watoto ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayahusiani. Kila chembe inayotaka kugawanyika huhitaji purini, malighafi mojawapo ya kujengea jeni. Kuna njia mbili za kuzipata: kuzitengeneza upya, au kuokota mabaki ya zamani na kuyatumia tena, kama fundi anayejengea matofali ya nyumba iliyobomolewa. Watoto wanaozaliwa na kasoro inayoivuruga njia ya kwanza hukosa limfosaiti, na mafua madogo huweza kuwaua. Watoto wanaozaliwa bila uwezo wa njia ya pili hupata madhara mazito ya ubongo, lakini limfosaiti zao huwa karibu na za kawaida. Allison na Eugui wakakata shauri kwamba limfosaiti zinategemea njia ya kwanza kuliko chembe nyingine. Ukikifunga kimeng'enya kimoja katika njia hiyo, limfosaiti zitakwama huku chembe nyingine zikiendelea kuokota matofali yao. Waliotafuta kitu cha kukifunga kimeng'enya hicho walikikuta katika kumbukumbu za zamani. Mwaka 1893 Mtaliano Bartolomeo Gosio, akichunguza mahindi yaliyoota ukungu kwa kushuku kwamba yanaleta ugonjwa wa pelagra, alitoa katika ukungu huo kitu kilichozuia bakteria wa kimeta kukua. Ilikuwa miaka 35 kabla ya penisilini ya Fleming. Kitu hicho, asidi ya mikofenoliki, kilikaa kikisahauliwa na kukumbukwa mara kwa mara bila kupata kazi ya maana katika tiba. Syntex wakakibadilisha umbo ili kifyonzwe vizuri tumboni, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mikofenoleti kwa waliopandikizwa figo. Leo ni miongoni mwa dawa za kawaida za upandikizaji duniani, na madaktari huitumia pia kwa lupasi inayoshambulia figo.

Jaribu kuitafuta dawa hiyo katika hesabu ya kunukuliwa. Utaipata kwa upande mmoja, maana makala za Allison na Eugui kuhusu mikofenoleti zimenukuliwa sana, hasa zile za mapitio, ambazo kwa kawaida hunukuliwa kwa urahisi kuliko makala ya ugunduzi wenyewe. Ila vidonge vyenyewe havimo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania Novemba 2017, ilijiunga na kazi ambayo isingewezekana bila dawa za kutuliza kinga. Mgonjwa aliyepewa figo na ndugu yake huanza siku kwa dawa hizo na kuimaliza kwa dawa hizo, kwa muda wote figo ile itakapodumu. Kila asubuhi ya namna hiyo ni tunda la utafiti. Hakuna faharasa inayoihesabu. Gosio naye angeonekanaje? Kwa miongo mingi kazi yake ya mahindi haikumpa karibu chochote katika kipimo cha leo, na kamati yoyote yenye haraka ingemshauri atafute mada nyingine.

Kuna pingamizi zito, na anayelipuuza hajui ofisi za vyuo zinavyoendeshwa. Watasema namba, hata ikiwa na kasoro, ni ngao dhidi ya upendeleo. Pasipokuwa na namba, cheo kitakwenda kwa mjomba, kwa mtu wa kabila, kwa aliyesoma na mwenyekiti wa kamati. Mtafiti wa chuo kidogo asiye na mtu wa kumsemea atabaki na kazi yake nzuri mkononi. Pingamizi hili lina ukweli, na kwa sababu hiyo sisemi namba itupwe. Lakini tuangalie ngao hii inamkinga nani. Kunukuliwa hutegemea ukubwa wa uwanja: anayechunguza saratani ana maelfu ya wenzake wa kumnukuu, anayechunguza ndigana kali ana wachache, hata kama mfugaji wa Kajiado angempa wa pili uzito zaidi. Kunategemea pia jarida. Faharasa kubwa zimejaa majarida ya Ulaya na Marekani, na utafiti mzuri uliochapishwa katika jarida la nyumbani huweza kusomwa na kila daktari wa wilaya bila kuonekana katika hesabu. Ngao inayomwacha wazi mtu wa uwanja mdogo na nchi maskini imeubadilisha upendeleo sura tu.

Pingamizi la pili ni jembamba zaidi. Watasema: Allison mwenyewe alinukuliwa sana, kwa hiyo kipimo kilimwona, na kwa mwendo wa miaka mingi kazi njema na kunukuliwa hukutana. Nakubali kwamba hukutana mara nyingi. Ila kamati za ajira hazikai mwendo wa miaka mingi, hukaa mchana mmoja zikiwa na mafaili 60 mezani. Kinachoweza kuwa kweli baada ya nusu karne hakimsaidii mtu anayehukumiwa baada ya miaka mitatu. Na hata baada ya nusu karne, hesabu inatuambia tu kwamba kazi ya 1954 ilizungumzwa. Kwamba ilikuwa sahihi tumejulishwa na Asembo na Kilifi, kwa watu kurudi kwa watoto wenyewe na kupima upya.

Katika mwambao wetu yapo mapokeo ya elimu yaliyolifikiria tatizo hili karne nyingi kabla ya Garfield. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakupokea maneno bila mlolongo wa walioyapokea, fulani kutoka kwa fulani. Wingi wa wapokezi ulikuwa na uzito kwao, lakini hawakuishia hapo. Walichunguza kila kiungo cha mnyororo: aliishi lini, alikutana kweli na aliyemtaja, kumbukumbu yake ilikuwaje, uaminifu wake ukoje. Mnyororo ulikuwa wa kufuatwa hadi chanzo. Garfield naye alikusudia hivyo hivyo, na faharasa yake bado inaweza kazi hiyo. Ukimfuata Allison nyuma unamkuta Beet, na kwenye dawa unamkuta Gosio na mahindi yake. Ukimfuata mbele unafika Kilifi. Kamati inayosoma makala tatu za mwombaji kwa makini, ikauliza zimetegemea nini, nani amezijaribu upya, na nje ya chuo zimemfikia nani, itamjua kuliko namba 10 zilizopangwa kwenye safu.

Mnyororo huo pia unatufikisha kwa watu ambao hakuna faharasa iliyobuniwa kwa ajili yao. Akina mama wa Kampala waliwatoa watoto wao wachomwe vidole. Wanaume 30 walikubali kuugua ili jambo lijulikane. Maelfu walitoa tone la damu pwani, ziwani na milimani, wala hawakuambiwa kwamba tone hilo lingeingia katika vitabu vya dunia nzima. Allison alifariki mwaka 2014, na jina lake litaendelea kunukuliwa. Wao hawakuwa waandishi wa makala ile, kwa hiyo hesabu yao ni sifuri. Mwalimu wa baiolojia utakayelifundisha somo la selimundu muhula huu, waambie wanafunzi wako damu ile ilitoka wapi.